Kikohozi cha Nyuma ya Pazia

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko mitende, alikuwako katika mji wa Shungu mtu mmoja jina lake Vuai. Watu walimwita Vuai Kanzumoja, kwa kuwa kanzu alikuwa nayo moja tu, na siku akiifua hatoki ndani mpaka ikauke. Mali hana, shamba hana, ila ulimi anao, na watu walimpenda kwa ulimi huo na kumkwepa kwa ulimi huo huo.

Huyo Vuai alikaa ukuta mmoja na Bi Mize, mwanamke wa makamo, msuka mikeka. Bi Mize alizaliwa mzito wa kufahamu mambo. Ukimweleza jambo mbio mbio, linampita. Ukimweleza taratibu, moja baada ya moja, analishika barabara wala halisahau. Likimtatiza, huvuka njia akamwuliza shoga yake Bi Tatu, wakalizungumza, kisha akarudi na neno lake mwenyewe. Mikeka yake ilitandikwa hata msikitini. Na kila adhuhuri alimwekea Vuai bakuli la wali kizingitini, wala hakumwonyesha uso wa kuchoka hata siku moja.

Basi ikawa mwaka huo Sultani Zubeiri ametoa sheria mpya, ikapigiwa mbiu sokoni: "Mtu mzima ye yote asiyeweza kukata shauri pasipo kuuliza kwa mwingine, ahesabiwe mtoto. Apewe msimamizi amwamulie chakula, mavazi na makao, na neno lake mwenyewe lisisikilizwe." Sultani aliitunga kwa huruma, maskini, akidhani anawakinga wanyonge. Lakini Mbaraka, kaka yake Bi Mize, huruma hakuwa nayo hata ya kuazima. Akaenda kwa kadhi, akaapa kwamba dada yake hachagui hata rangi ya ukili wa mkeka pasipo kumwuliza jirani, akapewa usimamizi. Hapo hapo akaamua: Ijumaa Bi Mize atahamia shamba akamchungie mbuzi wake, na ile nyumba aliyoachiwa na mama yao iwe ghala ya mbata za nazi.

"Sitaki," akasema Bi Mize.

"Neno lako halisikilizwi," akajibu Mbaraka, akaanza kupima milango.

Siku mbili Vuai alisikia kilio ukutani. Siku ya tatu bakuli halikuwekwa. Njaa ilimuuma, ndiyo, lakini hasira zilimuuma zaidi. Akavaa kanzu yake ingali mbichi, akashika njia ya kwa Sultani.

Sasa nawe ujue desturi ya baraza la Shungu. Nyuma ya kiti cha Sultani palitundikwa pazia jekundu, na nyuma ya pazia aliketi mama yake, Bibi Mkuu. Sultani akiletewa shauri hugeuza shingo kidogo, akangoja. Kikohozi kimoja, ndiyo, viwili, hapana. Mji mzima ulilijua jambo hilo, na mji mzima ulijifanya haulijui. Waziri alikuwa akisema, "Bibi Mkuu ana mafua," na hayo mafua yana miaka ishirini.

Vuai akainama, akasema, "Maulana, jirani yangu Bi Mize ana akili zake. Mwondolee msimamizi."

Sultani akakunja uso. "Sheria ni sheria. Wasimamizi wangu wamepita nyumba kwa nyumba, wamekwisha waandika wote. Lakini wewe kwa kuwa umejitia hodari, nenda ukaniletee mtu mzima mmoja aliyesahauliwa na sheria hii. Ukimpata, uwe wewe msimamizi wake mpaka jua lichwe. Usipompata kabla ya Ijumaa, utazungushwa mjini juu ya punda, uso kwenye mkia."

Watu wakacheka, na Mbaraka, aliyekuwapo barazani, akacheka zaidi. Vuai akasema, "Nimesikia na kutii," akaenda zake kulala.

Alhamisi asubuhi akarudi peke yake. Sultani alikuwa na sinia ya halwa mbele yake na kahawa inafuka.

"Yuko wapi mtu wako?"

"Nimempata, Maulana, ila ni mtu mkubwa, naogopa kumtaja. Je, utanipa amani?"

Sultani akageuza shingo kidogo, akangoja. Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi kimoja.

"Nimekupa amani," akasema Sultani. "Mtaje."

"Ndiye huyu aliyeuliza sasa hivi," akasema Vuai, akaivuta sinia ya halwa upande wake.

Lo! Waziri akajikohoza, akajuta.

"Rudisha halwa yangu!" akafoka Sultani.

"Mimi ni msimamizi wako mpaka jua lichwe, kwa amri yako. Nimekuamulia uji wa mtama, hauna sukari. Na hilo joho linakuchosha, nitalivaa mimi. Na mchana utakaa kwangu. Nina chumba kimoja, utalala na kuku."

"Sitaki!"

"Neno lako halisikilizwi, Maulana. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi najua nitakacho! Kumwuliza mama yangu hakunifanyi mtoto. Yeye hukohoa, lakini anayekata shauri ni mimi!"

"Alhamdulillahi," akasema Vuai, akairudisha sinia. "Basi na Bi Tatu, shoga yake Bi Mize, naye ana kikohozi chake. Tofauti ni kuwa yeye hajifichi nyuma ya pazia."

Nyuma ya pazia kikatoka kicheko cha kizee, kicheko cha kujishika mbavu, naye Sultani, aliyekuwa amevimba kwa ghadhabu, akaona haya, kisha akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Akaamuru Bi Mize aitwe. Akaja na Bi Tatu, wameshikana mikono. Sultani mwenyewe akamweleza, taratibu, moja baada ya moja. Bi Tatu akamnong'oneza. Bi Mize akafikiri, akachukua muda wake, hakuna aliyemharakisha.

"Nyumba yangu sihami," akasema. "Na mbuzi wa Mbaraka achunge Mbaraka."

"Na iwe hivyo," akasema Sultani. Sheria ikaandikwa upya siku ile: mtu apewe wa kumsaidia kuamua, si wa kuamua mahali pake, na neno la mwisho liwe lake. Mbaraka akaondoka na kipimo chake cha milango kwapani.

Sultani, moyo umemjaa, akasema, "Tena nimeamua, Bi Mize, uhamie hapa kwangu, ule na kunywa, usisuke tena mkeka maisha yako!"

Bi Mize akamtazama Bi Tatu, akamtazama Sultani.

"Sitaki," akasema.

Sultani akageuza shingo kidogo, akangoja, na nyuma ya pazia kikasikika kikohozi kimoja. "Neno lako limesikilizwa," akamwambia Bi Mize.