Kwa Nini Kila Nyumba ya Mwilini Huweka Ukoko Mlangoni

Nchi ya Mwili ilipokuwa bado haijajifunza kumshuku mtu, seli waliishi mitaa mitaa, kila seli na nyumba yake, na milango haikuwa na komeo. Seli ni wale wakazi wadogo mno ambao mwili umejengwa nao. Ukiwatafuta kwa macho utachoka bure. Askari walikuwapo, mkubwa wao akiwa Mbaruku, lakini kazi yao ilikuwa kupambana na vijidudu waliotoka nje. Mwenyeji hakupekuliwa. Kumpekua mwenyeji kulikuwa utovu wa adabu, sawa na kufunua chungu cha mwenzio jikoni kwake.

Katika mtaa wa Ini aliishi Bi Zume, fundi wa vidonda, seli mnene mwenye moyo mweupe na sifa ya kupika uji. Nyumba ikiumia, mwenyewe alipiga yowe la kidonda, na Bi Zume akaja mbio na chungu kichwani. Alizoa uchafu akaumeza wote, maana tumbo lake halikuchagua. Kisha alichimba mfereji wa damu hadi mlangoni, akamnywesha mgonjwa uji, na akatundika jani bichi juu ya mlango ili askari wapite mbali wasije wakakanyaga pabichi. Na mila ilikuwa moja: aliyeumia haulizwi kaumizwa na nini.

Siku moja yowe lilitoka kwa Kivimbe. Huyu alikuwa mzaliwa wa hapo hapo Ini, kijana mcheshi, mwenye kasoro moja tu kwamba hakujua neno basi. Bi Zume alifika, akatazama, asione damu wala ufa. Lakini nani aulize? Akatundika jani, akakoroga uji.

"Mama, bila uji wako nisingeamka," Kivimbe alimwambia huku akilamba bakuli.

Maskini Bi Zume, alifurahi hadi masikio yakamsimama. Mpishi gani hapendi kusifiwa? Kesho yake yowe likapigwa tena, na keshokutwa tena, naye akawa anakwenda hata kabla ya kuitwa. Mfereji akaupanua. Nyumba ya Kivimbe ikaota vyumba, vyumba vikajaa watoto, wote sura ya baba na tumbo la baba. Mbaruku alipita mara kwa mara, akaliona jani, akageuka na njia yake.

Jirani wa Kivimbe alikuwa Bi Msimu, shoga wa Bi Zume tangu utotoni. Ukuta wake ulikuwa umeanza kuinama kwa kusukumwa, na maji yake yalikuwa yamekauka kwa sababu ya ule mfereji. Alikwenda kulalamika, midomo imempasuka kwa kiu.

"Shoga, nyumba inaniangukia. Huyo mtu wako ataniua."

"Nawe unamwonea wivu mgonjwa?" Bi Zume alijibu, na akampa kisogo.

Bi Msimu hakufika kwake. Alianguka njiani, akazimia. Bi Zume aliposikia alilia, akakimbilia jikoni amkorogee shoga yake uji, akakuta vyungu vyote vimekauka. Kila tone lilikwenda kwa Kivimbe. Hapo akaketi kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza akafikiri. Vidonda alivijua. Kidonda kinachopona hupunguza kula: leo chungu, kesho bakuli, kisha mgonjwa anakwambia asante bibi, nimeshiba. Kivimbe alianza na bakuli, sasa anamaliza vyungu vitatu.

"Hiki si kidonda," akasema. "Hiki ni kinywa."

Aliona aibu, na aibu ikamgeuka hasira. Alikwenda akalitungua jani kwa mkono wake. Kivimbe akapiga yowe la kutia huruma kiasi kwamba miguu ya Bi Zume, kwa mazoea, ilitaka kurudi jikoni. Akaikaza. Mbaruku alipoitwa alisita.

"Bi Zume, huyu ni mwenyeji. Nitamtambuaje kwamba ameharibika?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Onja anachopika."

Wakafunua chungu cha Kivimbe, wakakwangua ukoko. Ulikuwa na ladha ambayo hakuna nyumba ya Ini iliyowahi kuipika. Basi askari wakaingia wakammaliza Kivimbe, na Bi Zume akaufukia mfereji mwenyewe, udongo hadi kwenye viwiko. Maji yalipomrudia Bi Msimu, alifumbua macho akamnunia shoga yake siku nzima, kisha akacheka.

Wakazi wenye hasira walitaka mafundi wa vidonda wafukuzwe wote. Aliyekataa ni huyo huyo Bi Msimu. "Mkiwafukuza," alisema, "tutakufa kwa mkwaruzo wa mwiba."

Na tangu siku hiyo, kila seli huweka mlangoni kipande cha ukoko wa alichopika leo, na askari hupita wakionja, wala hakuna anayeona haya. Lakini wapo wana wa Kivimbe waliotoroka, wakajifunza kuficha ukoko na kulia kwa sauti ya kidonda. Na wapo wajukuu wa Bi Zume ambao bado huwakimbilia na chungu. Ndiyo maana matabibu wa leo hawapigani na uvimbe peke yake. Huwaendea pia askari na mafundi, wakawaambia: hao mnaowalisha, tungueni jani, mkawaonje.