Jina Moja, Zizi Moja

Kaeni vizuri, na mwenye majibu ya haraka ayameze kwanza. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na bado sijalipata jibu lake.

Kwenye mteremko mmoja wa mlima Rungwe waliishi majirani watatu. Ambakisye alijua ng'ombe: akiweka kiganja ubavuni anakwambia anaumwa nini. Mwakalobo alijua udongo, na majani yake ya mabingobingo, chakula cha ng'ombe, yalimzidi mtu urefu. Sekela alikuwa fundi mwashi. Alichimba shimo, akalijengea kwa matofali, akaliziba mpaka gesi ya samadi ikakosa pa kuvujia.

Chama cha wafugaji kilimpa Ambakisye ng'ombe mmoja, Lusako, nao majirani wakamfanya wa wote watatu. Mwakalobo alileta majani, Ambakisye akakamua, samadi ikaingia shimoni kwa Sekela na kuwasha majiko ya nyumba tatu, kisha tope lililobaki likarudi shambani kwa Mwakalobo kuwa mbolea. Kwa Sekela, gesi ile ilikuwa pumzi ya mama yake mwenye kifua kibovu, ambaye miaka minne hakusogelea moshi wa kuni. Wageni walikuja kuwapiga picha. Majirani wale walijiona wameyapatia maisha.

Kisha mvua zikagoma misimu miwili. Lusako alikuwa na mimba, na ng'ombe mwenye mimba huachwa kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Ambakisye hakuacha, kwa sababu wajukuu wake walitegemea maziwa hayo. Mwakalobo alipunguza mzigo wa majani ili mashina yasife. Sekela aliziona mbavu za ng'ombe, akanyamaza, kwa kuwa jiko lilikuwa bado linawaka.

Lusako alianguka asubuhi ya kuzaa. Ambakisye alimvuta ndama, jike, akamkuta hapumui. Aliweka mdomo puani mwake, akafyonza ute, akatema, akafyonza tena, mpaka ndama akapiga chafya. Aliponyanyua kichwa, Lusako alikuwa amekufa.

Mwakalobo alichukua panga, akakata migomba yote aliyoachiwa na baba yake, akaipeleka iwe malisho ya ng'ombe wa mtu wa ng'ambo ya mto, ili ndama apewe maziwa. Alirudi na madumu ya maziwa, mikono myeusi kwa utomvu.

"Shika, dada," alimwambia Sekela. "Mimi nimemaliza."

Sekela alifungua gesi ya mwisho iliyobaki shimoni. Siku tisa alipasha maziwa, akajaza maji ya moto kwenye chupa na kumzungushia ndama aliyetetemeka kwa baridi ya Julai. Siku ya kumi ndama alisimama, na jiko likazimika. Mama yake Sekela akarudi kwenye mafiga. Sekela alimsikia akikohoa, akalia.

Ndipo Atuganile, mwenyekiti wa chama, alipokuja na daftari lake.

"Poleni sana," alisema. "Lakini safari hii ndama wa chama anaandikwa jina moja, zizi moja. Maziwa yake, samadi yake. Ng'ombe wa watu watatu mmeona alivyokufa."

"Tutamlea pamoja, mama," Sekela alisihi.

"Hata mama yake mlimlea pamoja."

Atuganile alifunua ukurasa mtupu wa daftari.

"Bila pumzi yangu ndama huyu hangekuwepo," Ambakisye alisema.

"Bila migomba yangu angekufa njaa," alisema Mwakalobo. "Sasa shamba langu ni visiki vitupu."

Sekela alitaka kuitaja gesi yake. Ndani ya nyumba mama yake alikohoa, kikohozi kirefu, na wote wakainamisha vichwa. Kila mmoja alijua kwamba atakayekosa ndama huyu hana tena cha kuanzia.

"Sema wewe, dada," Ambakisye alimwambia. "Sisi tumechoka. Utakalosema, tutalikubali."

Atuganile alifungua kalamu. Ndama alimsogelea Sekela, akaanza kumnyonya kidole.

Haya, wenzangu. Wewe ungekuwa Sekela, ungetaja jina la nani? Na ukishalitaja, kesho asubuhi ukikutana njiani na wale uliowanyima, utawasalimu vipi?