Mamba Aliyetaka Ngozi Laini

Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na bwawa.

—Na mwenyewe je?

Alikuwepo. Penye maji hapakosi mwenye meno.

Mwinyi Mamba alikula kila kilichopita: leo samaki, kesho swala, keshokutwa watoto wa Bi Chura. Mchana tu, jua likiwaka, alipanda mchangani kuota jua, na hapo ndipo viluwiluwi walipopata nafasi ya kucheza. Bi Chura alikuwa amebakiwa na wachache, na moyo umemchoka.

Siku moja akamwendea. "Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Umeniletea mtoto?"

"Nimekuletea shauri. Swala wanakukimbia kwa sababu ya hayo magamba. Ukiwa na ngozi laini watakuja wenyewe, wakulalie mgongoni."

Mate yakamtoka Mamba, churu churu. "Nilainishe!"

Bi Chura akaponda nanasi, akakamua ndimu, akaloweka ukwaju. Akapaka, paka-paka-paka. Gamba likalegea, likaanguka, pu!

"Imetosha, Mwinyi?"

"Bado! Ongeza!"

Akapaka, paka-paka-paka. La pili likaanguka, pu!

"Imetosha, Mwinyi?"

"Bado! Ongeza!"

Akaongeza, akaongeza, mpaka Mamba akabaki mwekundu kama kitoto cha panya.

"Sasa kajianike juani, ing'ae," akasema Bi Chura. Alitaka jua limmalize. Mama wa watu angefanya nini?

Jua likaipiga ile ngozi changa, chwaaa! "Nakufa! Mama yangu, nakufa!" Mamba akapiga yowe. Bi Chura akacheka, na alikuwa hajacheka tangu masika.

Lakini hakufa. Alikimbilia majini, chubwi! Maji yakampoza. Kesho yake akatoa mgongo nje, jua likamchoma, akarudi, chubwi! Basi hakutoka tena. Asubuhi yumo, mchana yumo, jioni yumo. Na njaa yake yumo nayo.

"Tokeni, wanangu! Tokeni majini!" Bi Chura aliita mpaka sauti ikamkauka. Kiluwiluwi hana miguu. Atatokaje?

Akakaa ukingoni, kroo, kroo, akiwaita mmoja mmoja. Hakuna aliyeitika. Bwawa zima likawa kimya.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye machozi ajifute kwa kanga yake, yangu imeshalowa.

—Na funzo, bibi?

Funzo? Ukishajipaka tunda chachu, mjukuu wangu, usikae juani. Utaharibu ngozi.