Jina la Kuandikwa Kwenye Kibali

Sogeeni karibu. Na mwenye majibu ya haraka ayaweke kwanza chini ya ulimi, maana kesi ninayowaletea imewashinda watu wazima.

Katika mji mdogo wa Itekele, huko milimani Rungwe, alikuwako mjane aliyeitwa na watu wote Mama Sekela. Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sekela, binti mkubwa, alikuwa na mkono wa kuchora. Nyumba akiitazama mara moja, anaiweka kwenye karatasi pamoja na madirisha yake. Gwakisa, wa kati, alikuwa na nguvu za kuchimba na moyo usiojua kuficha kitu. Atupele, kitindamimba, alikuwa na kipaji ambacho watu hawakukihesabu: alijua kusikiliza.

Mwaka huo mvua iliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama, ukamkosa kidogo tu. Watoto wakasema sasa tunajenga. Lakini Itekele ilikuwa imeshatoka kuwa kijiji ikawa mji, na mjini hujengi bila kibali, hata kwenye ardhi aliyokuachia mumeo. Mama akawaita wote, na mbele ya mtendaji wa mtaa akasema:

"Nimezeeka, wanangu. Sitaki nife mwanze kugombana. Atakayefanya kibali kipatikane, nyumba itaandikwa jina lake. Wengine mtakuja kama wageni, na mtapokelewa vizuri."

Sekela akachora. Ofisi ya mji ikamrudishia: kiwanja chembamba, ukuta umekaribia mno mpaka wa jirani. Akachora tena, akarudishiwa tena. Mafundi wakamwambia aachane nayo, hapo nyumba ya vyumba vitatu haiingii. Sekela akaigeuza nyumba nzima, mlango ukatazama bondeni, choo kikaenda kule kwenye migomba, mama bila kuulizwa. Mkaguzi wa majengo akaipekua ramani huku na huku, akakosa kasoro.

"Mchoro umepita," akasema. "Chimbeni shimo la choo nije nione udongo, kisha nasaini."

Gwakisa akashika sururu. Shimo lilipomfika kiunoni, akaona kitambaa kilichooza, na ndani ya kitambaa, mifupa. Midogo. Fuvu la mtoto.

Fundi aliyekuwa naye akainama, akanong'ona, "Fukia. Tuchimbe pembeni. Mkaguzi akiona hili, kibali hampati."

Gwakisa akapanda juu, akaita kwa sauti mtaa mzima ukasikia, "Mama! Kuna mtu huku chini!"

Mama akaja, akasimama ukingoni. Khanga ikamdondoka mabegani, hakuiokota. Hakulia. Alisema neno moja tu, "Asajile." Akageuka, akaingia ndani, akajifungia.

Mkaguzi akasimamisha kila kitu. Bwana afya naye akaeleza kwamba kaburi haliguswi mpaka ndugu wa marehemu waseme ni nani, na wakubali ahamishwe. Na aliyejua alikuwa mmoja, naye hakuwa akisema.

Mama alipofungua mlango, Atupele akaketi naye mkekani. Ndugu zake wakamsihi amwulize. Hakuuliza. Alimmenyea ndizi, akamwashia moto, akakaa. Siku zikapita hivyo, mpaka mama mwenyewe akaanza.

"Alikuwa wa kwanza. Surua ilimchukua ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Tukamzika pale migombani, karibu na nyumba, asilale mbali nasi. Baba yenu akasema tusilitaje tena jina lake, nitapona. Sikupona."

Sekela alikuwa mlangoni. Akaingia. "Mama, mji mzima unakuita kwa jina langu. Kumbe mimi si wa kwanza?"

"Si wa kwanza, mwanangu. Nisamehe."

Gwakisa akatoka nje, akaichukua sururu, akaitupa mbali. Ilibaki kidogo tu wamchimbie kaka yao choo juu yake.

Mama akamshika Atupele mkono. "Mhamisheni," akasema. "Mpelekeni alale na baba yake."

Asajile akazikwa upya makaburini, safari hii kwa jina lake, na watu wakamlilia kana kwamba amefariki jana. Mkaguzi akarudi, akauona udongo, akatoa kibali na kalamu. "Jina la mmiliki?"

Sekela akasema, "Bila mchoro wangu, huyu mkaguzi asingekanyaga hapa."

Gwakisa akasema, "Mimi ningefukia, mngepata kibali cha kujenga choo juu ya ndugu yetu. Hicho nacho ni kibali?"

Hata Atupele, mtu wa kunyamaza, akasema, "Nisingekaa naye, mama asingefungua mdomo; mpaka leo tungekuwa tunalitazama shimo."

Mtendaji akamgeukia mama. Mama akawatazama wanawe kwa zamu.

"Mmejitaja watatu," akasema. "Mlipokuwa wadogo, tajiri mmoja alikuja kukitaka kiwanja hiki. Majirani wote waliuza, wakahama. Baba yenu alikataa, watu wakamwita mkaidi. Hakuwa mkaidi. Alishindwa kumwuza mtoto wake pamoja na migomba. Aliyetubakizia mahali pa kujenga ni Asajile. Yeye mbona hamumtaji?"

Mkaguzi akaishusha kalamu.

"Mama, marehemu haandikwi kwenye kibali," akasema taratibu. "Na nafasi ya jina ni moja."

"Basi niambieni nani," mama akajibu. "Neno langu lilishatoka, na sitalirudisha."

Mpaka leo ile nafasi ya jina iko tupu. Mawingu yanashuka mlimani, matofali yamepangwa uani, na mama analala nyuma ya ukuta wa maturubai. Haya, nyie mlionisikiliza, sasa mnaweza kutema majibu yenu: kalamu hiyo ikiwekwa mkononi mwako wewe, utaandika jina la nani?