Kiboko Aliyehudhuria Kila Kikao

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na midomo je?
— Tumeifunga!
— Haya, kazeni mikanda ya viuno, ngano hii inaangusha watu.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na ukame. Si ukame wa mwaka mmoja, la! Ukame wa miaka mitatu, ule wa kumfanya chura asahau kuimba. Mito ilikauka, visima vilikauka, hata matope yalikauka. Likabaki bwawa moja tu lenye maji, na ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko.

Kiboko alikuwa mkubwa. Kiboko alikuwa na nguvu. Kiboko alikuwa na tumbo. Hasa tumbo! Akija Swala kuomba maji, Kiboko husema, "Bwawa la babu yangu hili! Umeleta majani?" Akija Ngiri, Kiboko husema, "Bwawa la babu yangu hili! Umeleta majani?" Aliyeleta mzigo wa majani aliruhusiwa kulamba maji kidogo ukingoni. Asiyeleta alirudi na ulimi wake mkavu.

Kwa ajili ya ukame ule wanyama walikuwa wametawanyika, huyu kilimani, yule msituni, kwa hiyo vikao vya bonde vilifanyika kwa simu. Kila mmoja hapo alipo anafungua video, nyuso zinajipanga kwenye vidirisha, mwenyekiti anaita majina. Na vikao hivyo vilikuwa na sheria mbili za tangu enzi. Aliyehudhuria hupata mgao. Na mtu akikubali mara tatu mbele ya kikao, neno lake halirudi.

Sasa, chakula kilitoka nje ya bonde, kikagawiwa na kamati. Kamati ya Maboga ilikaa Alhamisi asubuhi. Kamati ya Miwa ilikaa Alhamisi asubuhi. Kamati ya Matikiti nayo ikakaa Alhamisi asubuhi ile ile! Kiboko alikuwa na mdomo mmoja. Mkubwa, ndiyo, lakini mmoja. Akihudhuria maboga, miwa inampita. Akihudhuria miwa, matikiti yanampita.

Juu ya bwawa, kwenye mawe, aliishi Bi Pimbi, mdogo kama sufuria ya chai, mama wa watoto wanne, fundi wa simu wa bonde zima. Asubuhi moja wanawe waliamka wakilamba mawe wakitafuta umande. Akateremka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umeleta majani?"

"Sina, mzee. Naomba kibuyu kimoja tu, watoto wana kiu."

"Bwawa la babu yangu hili! Tena usinisumbue, mwenzio nimefikwa. Vikao vitatu, saa moja! Nitajigawa mimi?"

Bi Pimbi akayatazama maji. Akaitazama simu ya Kiboko juu ya jiwe. Akalitazama tumbo.

"Mzee, hilo lina dawa. Kuna akili mnemba. Nitaipa sura yako na sauti yako, niiunganishe na vikao, iwe inaingia badala yako. Wewe uko majini, na papo hapo wewe uko kwenye maboga, wewe uko kwenye miwa, wewe uko kwenye matikiti."

Kiboko akatoa pua majini, puuu! "Weee! Si mpaka mtu awe amesomea mambo ya kompyuta?"

"Siandiki hata mstari mmoja wa kompyuta. Ni vijisanduku tu kwenye simu, navifunga pamoja kama shanga. Hiki kinasema: kikao kikianza, ingia. Hiki kinasema: jina la Kiboko likitajwa, jibu. Hiki cha mwisho kinasema: kikao kikiisha, andika muhtasari, watumie wote. Basi. Ila niambie wewe mwenyewe, ijibu nini?"

"Mimi nikipewa kitu hujibu: Nipo, nakubali!"

"Na wakikuuliza swali?"

"Nakubali."

"Na wakikusema vibaya?"

Kiboko akafikiri. "Maboga yanakuja?"

"Yanakuja."

"Basi nakubali."

Bi Pimbi akagusa kijisanduku hiki, ti! Akagusa kile, ti! Akavuta mstari kutoka hapa hadi pale, tiii! Kazi ikaisha Kiboko hajamaliza mwayo mmoja. Akalipwa nusu kibuyu, tena kwa manung'uniko.

Alhamisi ikafika. Kiboko akazama, chubwi! Yakabaki masikio tu.

"Kamati ya Maboga. Mzee Kiboko yupo?"

"Nipo, nakubali!" Yakaja maboga.

"Kamati ya Miwa. Mzee Kiboko yupo?"

"Nipo, nakubali!" Ikaja miwa.

"Kamati ya Matikiti. Mzee Kiboko yupo?"

"Nipo, nakubali!" Yakaja matikiti, yanabingirika, bingiri bingiri bingiri.

Kiboko alipigwa na butwaa mpaka akasahau kutafuna. Sauti ni yake! Sura ni yake! Na yeye hajatoa mguu majini! Akala wiki ya kwanza. Akala wiki ya pili. Wiki ya tatu akaita, "Bi Pimbi! Iunganishe na kila kikao cha bonde hili."

"Kila kikao, mzee?"

"Kila kikao!"

"Hata visivyo na maboga?"

"Hakuna kikao kinachokosa kitu. Funga shanga zako, mama, acha maneno!"

Ti! Ti! Tiii! Bi Pimbi akafunga.

Jumapili, jua likiwa utosini, Kiboko alilala majini kashiba. Ndani ya usingizi akasikia sauti yake ikisema, "Nipo, nakubali!" Akatabasamu. Akaisikia tena, "Nipo, nakubali!" Akalamba midomo. Akaisikia mara ya tatu, akaota boga kubwa kama mlima.

Kilichomwamsha ni kishindo. Parakacha! Parakacha! Chubwi! Chubwi! Akafumbua macho. Swala kainamisha shingo anakunywa. Ngiri na mkewe wanaoga. Nyani wanarushiana maji. Na pale kwenye jiwe lake mwenyewe, watoto wanne wa Bi Pimbi wanaosha masikio!

Macho yakamtoka pima. Alitaka kunguruma, ikatoka sauti ya kifaranga. "Nyinyi... mnafanya nini kwenye bwawa la babu yangu?"

"Tunakunywa, mzee," akasema Swala. "Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

"Nani kawaruhusu?"

"Si wewe?"

Simu ikalia, ting'! Kiboko akaisoma. Ulikuwa muhtasari wa kikao. Ajenda, maji. Mwenyekiti, Bi Korongo. Mleta hoja, Bi Pimbi. Mzee Kiboko aliulizwa kama bwawa liwe la wote, akakubali. Aliulizwa kama majani ya kiingilio yafutwe, akakubali. Aliulizwa kama yuko tayari kuchimba mfereji hadi kwenye mawe ya pimbi kabla ya Ijumaa, akakubali, na wajumbe wakampigia makofi.

"Si mimi!" akalia Kiboko. "Si mimi huyo! Ni akili mnemba!"

Ngiri akaacha kuoga. "Si wewe?"

"Wallahi si mimi!"

"Ala! Kumbe hata kwenye Kamati ya Maboga hukuwa wewe. Basi tapika maboga yetu. Na miwa. Na matikiti, mzee, na mbegu zake."

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Tumbo likanguruma, gurrr.

"Ilikuwa mimi," akasema, polepole.

Lakini moyo haukutulia. Jioni ile akadai kikao cha dharura, na safari hii akaingia yeye mwenyewe, kwa pua yake mwenyewe. Akafungua kamera. Matope usoni, macho mekundu, mate yanaruka. Akakuta kidirisha cha pembeni yuko Kiboko mwingine, safi, mpole, anatabasamu.

Bi Korongo akanyoosha shingo. "Jamani! Mbona Mzee Kiboko wawili? Mmoja ni wa bandia. Yupi?"

"Mimi ndiye wa kweli! Na sikubali! Sikubali! Sikubali!"

"Nipo, nakubali!" akasema yule mwingine.

Swala akaomba nafasi. "Mwenyekiti, Mzee Kiboko ninayemjua mimi tangu wiki tatu zilizopita hajawahi kukataa kitu kikaoni."

"Kweli kabisa," akasema Ngiri. "Tena hana kelele hivi."

Bi Pimbi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Siku hizi utapeli wa sura na sauti umezidi, ndugu zangu. Tuwe macho."

Wakapiga kura. Kwato juu, makucha juu, mabawa juu. Na Kiboko, Kiboko halisi, mwenye nyama na mifupa, akaona maandishi yametokea kwenye simu yake: Umeondolewa kwenye kikao.

Kinywa kikafunguka, pwaaa! Hakikufungika. Jua likazama kikiwa wazi, likachomoza kikiwa wazi, ndege wakaja wakakaa juu ya meno yake wakidhani ni kisiki. Mpaka leo ukipita penye maji ukamwona kiboko kapanua kinywa, usiseme ana usingizi. Bado hajaamini.

Na mfereji? Aliuchimba. Ulikuwa kwenye muhtasari.

Haya, wanangu, funzo ni hili: kuweni walafi. Kama Kiboko angeridhika na maboga peke yake, bonde zima lingekufa kiu.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka ajitwike, asiyeitaka airuke, ila asiikanyage, bado ina watoto.