Mbegu za Karanga na Kitu cha Usiku

Paukwa!
— Pakawa!
Jua?
— Limezama!
Mlango?
— Tumeufunga!
Usingizi?
— Bado uko njiani!

Basi tuungoje kimya. Anayetaka kuguna na agune sasa.

Hapo kale palikuwa na Buku, panya mkubwa wa shambani, mjane, akikaa na wanawe katika shimo la milango miwili. Mchana Buku hakumwogopa yeyote. Lakini jua likianza kushuka, moyo wake nao ulianza: ndu, ndu, ndu. Jani likianguka, ndu! Mtoto akikohoa, ndu, ndu!

Aliyemletea ugonjwa huo ni Nyani. Kila jioni alikuja, kifua mbele, akainama mlangoni.

"Hodi, mama Buku! Umekisikia?"

"Nini tena, kaka?"

"Kitu cha Usiku! Jana kilikuwa hapa hapa, kwaru, kwaru! Nipe karanga nikulinde."

Buku akatoa karanga. Nyani akajaza mashavu, akaenda zake. Kesho yake, hodi. Kesho kutwa, hodi. Mimi sizungushi maneno: huo ulikuwa wizi.

Karanga zikaisha. Zikabaki za mbegu tu, za kupanda mvua ikianguka.

"Lete hizo," akasema Nyani.

"Mbegu, kaka? Mbegu hailiwi! Mwakani wanangu watakula udongo?"

"Mwakani? Kitu kikija leo, hao wanao watafika mwakani? Kesho nizikute mlangoni."

Usiku ule Buku hakufumba jicho. Alisikiliza. Alisikia bundi, alisikia mchwa wakitafuna kijiti. Nyayo za mlinzi hakuzisikia. Akatoa pua nje. Lo! Nyani yuko juu ya mkuyu, kando ya tundu lililojaa karanga, amejikunyata, ameukumbatia mkia wake mwenyewe, anatetemeka tete, tete, tete.

"Ala!" akasema Buku. "Kumbe tuko wawili!"

Jioni Nyani akaja. "Hodi! Mbegu ziko wapi?"

"Hizi hapa, kaka. Ila jana kile Kitu chako kimekuja kweli."

"Kimekuja? Kipi?"

"Hicho hicho cha kwaru-kwaru. Kilikuwa kinakuulizia wewe. Kaa hapa leo unilinde, kisha uzichukue zote."

Nyani akaangalia njia. Akaangalia mbegu. Tamaa ikamkalisha chini.

Giza likaingia. Buku akazama kwa mlango huu, akatokea kwa mlango ule na kibuyu kitupu, akatia mdomo ndani.

"Vuuuu! Nyaaaani!"

"Naam!" akaitika Nyani, roho mkononi.

Buku akarudi mbio. "Kaka wee! Umeitika?"

"Neno limenitoka!"

"Mtu mzima! Hukufundwa kwenu? Ukiitwa usiku usimjue anayekuita, huitiki! Ukiitika, umekubali kwenda naye!"

"Vuuuu!" Upepo ukakipitia kile kibuyu kule kilikoachwa. Buku mwenyewe akaruka, ndu!

"Dada yangu, nifanyeje?"

"Kinafuata harufu ya karanga. Zote ulizoficha mkuyuni zilete hapa. Kisha kausukutue mdomo huo mtoni, ukimbie usigeuke."

Nyani akapanda, akashuka. Akapanda, akashuka. Karanga zikamwagika mlangoni, pwaa! Kisha vishindo, pu, pu, pu, kuelekea mtoni, na mpaka leo hajaonekana upande ule.

Buku akaingiza karanga zake, akalala katikati ya wanawe. Kimya. Halafu nje: "Vuuuu... Buuuku..."

Ndu!

Ni upepo. Ni kibuyu chake mwenyewe. Anajua. Ndu, ndu!

Hakuitika. Akatwaa karanga moja, akaitafuna polepole. Kibuyu kikaita, yeye akatafuna. Kikaita, akatafuna. Mwisho moyo ukachoka kabla ya meno, na Buku akalala fofofo.

Basi wanangu, fundisho ni hili: semeni kweli, kwa maana mwongo hapati usingizi.

Nani huyo anayesema Buku alidanganya na akalala? Nyamaza! Hadithi ni yako au yangu?

Imeingia shimoni, nami nimeziba mlango. Mwenye karanga anipe, asiye nazo akalale. Na mkisikia mnaitwa, si mimi.