Chupa Zisizotiwa Sumu

Wapendwa, mnawajua nyungunyungu? Wale wanaochomoza mvua ikinyesha, watoto wakapiga kelele. Naona mama wa kwaya anakunja uso. Haya, kunja tu mama, leo mahubiri ni hao hao.

Palikuwa na binti mmoja msomi, mtafiti wa udongo. Baba yake alilima kahawa, na shamba lilikuwa linakufa. Ukichimba hupati nyungunyungu hata mmoja, isipokuwa kona moja tu karibu na zizi la ng'ombe. Binti akasema, "Baba, ni hiyo dawa unayopulizia kahawa. Nipe hao waliobaki nikawapime, utaona."

Mzee akasita. "Mwanangu, hao ndio mbegu yangu. Wakiisha hao, shamba limekwisha."

"Niamini, baba."

Akampa. Binti akawapeleka maabara, akawagawa kwenye chupa. Nyingine akazitia ile dawa, nyingine hakuzitia kitu, apate kulinganisha. Na alikuwa msafi huyo, jamani! Udongo aliuchekecha, akauoka kwenye moto mkali usibaki na uchafu. Samadi? Hataki, inanuka. Majani yaliyooza? Hataki. Maji akanyunyiza kidogo tu, meza isilowe.

Siku zilipotimia akafungua chupa zenye dawa. Wamekufa wote. Akamkimbilia mkuu wake: "Si nilisema? Ni sumu!"

"Na wale ambao hukuwatia sumu?"

Hakuwa amewatazama, kwa jinsi alivyokuwa na hakika. Wakaenda pamoja, wakamwaga udongo mezani. Masikini, wamejikunja, wamekauka, wamekufa vilevile.

"Hawa hawakuonja dawa," mkuu akasema. "Wameuawa na nini?"

Binti akakaa sakafuni akalia. Atamwambia nini baba yake? Dawa huenda ni mbaya, huenda si mbaya, sasa hawezi kujua. Lakini hawa wamekufa kwa njaa na kiu mikononi mwake.

Sasa sisi. Kijana akituharibikia, tunasemaje? Mjini kumemharibu! Simu! Pombe! Marafiki! Sawa, sumu ipo, sikatai. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sisi tunakitafuta mjini.

Nakunda tuliyemzika Alhamisi, je? Mjini hakuenda. Pombe hakuionja. Simu hakuwa nayo. Tangu mama yake afariki alikaa benchi lile pale, peke yake, kila Jumapili. Alikonda tukimwona. Tulimpa mkono, tukasema Bwana asifiwe, tukaenda kunywa chai majumbani kwetu. Nani alimuuliza kama amekula? Nani alibisha hodi kwake? Inauma, ndugu zangu. Inaniuma sana.

Yule hakuwa na mahali pengine. Alikuwa kwetu tu. Basi tumsingizie nani?

Kwaya, msisimame. Wimbo utasubiri. Kila mmoja ageuke amtafute aliyekaa peke yake, amuulize jana alikula nini. Na msikilize akijibu.